Siku za Gulio katika Daftari la Lamisi

Lamisi Ayinbila alizaliwa siku ya Alhamisi, na jina lake humtangazia habari hiyo kila mtu wa upande wa Bolgatanga. Masista wa misheni walimfundisha kushona, kuimba sauti ya pili, na kuandika tarakimu zilizosimama wima. Kwa miaka ishirini na miwili alipima watoto katika zahanati ya Akugbisi, akiwaning'iniza kwenye mzani kama maboga, na kila uzito akauandika. Alipokaribia miaka hamsini, wilaya ikamletea kompyuta. Wenzake walingoja ishike vumbi. Yeye akaizoea taratibu, kama mtu amzoeavyo mkwe mkimya.

Alilolipenda zaidi ni daftari lililomo ndani yake. Juu unaandika maelezo kwa lugha ya watu. Chini, katika kisanduku, unaiandikia mashine hesabu ya kufanya. Mwishowe unaiamuru ilisome daftari lote tangu mwanzo, nayo inakutolea ripoti safi yenye michoro.

Jumatatu moja ya Februari, ripoti hiyo ilihitajika saa nane mchana. Kamati ya afya ilikuwa inakutana kuchagua siku ya kupima watoto kwa mwaka mzima. Miaka yote ilikuwa Jumanne. Lakini gulio la kule hurudi kila siku ya tatu, wala halijali wiki, na Lamisi alikuwa ameona tangu usichana wake kwamba Jumanne iliyoangukia gulio akina mama wa mbali walifika wengi, mtoto mgongoni na kapu kichwani. Jumanne nyingine mabenchi yalibaki matupu. Kamati isipoliona jambo hilo kwenye karatasi, watoto wa mbali wangekaa mwaka mwingine bila kupimwa.

Saa nne asubuhi akaiamuru mashine. Ikagoma. Iliandika kwa maandishi mekundu kwamba haikijui kitu kiitwacho siku za gulio.

"Haikijui! Jana nimeshinda nacho mchana kutwa!"

Bayuo, mtoa dawa wa zahanati, alichungulia mlangoni. Yeye ni Mdagaaba, na Wadagaaba ni watani wa Wafrafra, watu wa kabila la Lamisi, tangu enzi za mababu, ugomvi wao mkubwa ukiwa ni nani aliyekula kichwa cha mbwa.

"Mtani, labda umeilisha kichwa cha mbwa, imevimbiwa."

"Kichwa mlikimaliza ninyi, mkaguguna na mifupa. Kaa hapa unisaidie."

Wakapekua kisanduku baada ya kisanduku. "Mbona sikioni ulichoandikia hizo siku?" Bayuo akauliza.

Hapo Lamisi akakumbuka. Wiki iliyopita mama yake mdogo, Apoka, alikuwa amemtajia kwa simu magulio yote ya mwaka uliopita, naye akaiambia mashine pembeni, nje ya daftari. Ikayashika kwa moyo. Hata hivyo, kila inapoamriwa kulisoma daftari lote, huanza na kichwa kitupu, ikijua yaliyoandikwa humo tu. Na alfajiri umeme ulikuwa umekatika. Hata ile kumbukumbu ya pembeni ilikuwa imefutika.

"Si uhesabu tatu tatu kurudi nyuma kutoka gulio la jana?" Bayuo akasema.

Lamisi akafanya hivyo. Ripoti ikatoka bila neno jekundu hata moja, na Bayuo akapiga makofi. Lamisi akautazama mchoro. Nguzo ya siku za gulio ilikuwa fupi kuliko ya siku nyingine.

"Usipige makofi. Imetoka, lakini inasema uongo."

Akampigia simu Apoka, mpika pombe ya mtama.

"Tatu tatu!" Apoka akacheka. "Na mazishi ya tindaana umeyasahau, mwanangu? Mlinzi wa ardhi yetu azikwe, sisi tuuze vitunguu? Gulio lilikuwa liwe Alhamisi ile, likasogezwa Ijumaa. Mimi siku zangu nazihesabu kwa chungu: pombe huiva siku ya tatu. Ile ilichacha, nikawapa nguruwe, wakaimba hadi jioni. Tangu hapo hesabu yote imehama."

"Ilikuwa Alhamisi ipi, mama mdogo?"

"Muulize Mdagaaba wako. Alikula kuliko wafiwa."

Bayuo, akijifanya hakusikia, alifunua kitabu cha mahudhurio. Zahanati ilifungwa kwa mazishi Alhamisi ya pili ya Novemba.

Lamisi akafungua kisanduku kipya, akaziandika siku zote. Juu yake akaweka maneno: "Hapa gulio lilisogezwa siku moja kwa msiba wa tindaana. Aliyenieleza ni Apoka, mpika pombe." Kisha akaizima mashine kabisa, akaiwasha, akaiamuru ianze na kichwa kitupu. Nguzo ya gulio ikapanda karibu mara mbili ya mwenzake. Ilikuwa saa saba na nusu.

Mwenyekiti wa kamati aliweka kidole kwenye mstari ule wa msiba, akausoma mara mbili. "Mazishi hayo nilihudhuria," akasema polepole. Wakakubaliana watoto wapimwe siku za gulio, kwa miezi sita kwanza.

Gulio la kwanza, mzani ulitundikwa hatua chache kutoka vyungu vya Apoka, na mabenchi yakajaa kabla ya saa tatu.

"Ni kweli jina langu limo katika mashine?" Apoka akauliza, akimpa Lamisi kibuyu.

"Limo, mama mdogo. Hata umeme ukikatika."

"Basi pumzika unywe. Na yule mtani wako mpe kidogo tu."

Lamisi akanywa mafunda mawili, akakiweka kibuyu chini, akampokea mtoto aliyefuata.