Niliapa kung'arisha jiko la gesi la mke wangu kwa magadi, mama mkwe akaniokoa bila kunitazama

Wakuu, habari za mapumziko.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe, nyumbani kwangu hapa Tunduma, na mashahidi wawili wako hai. Mwenye kubisha aje nimwonyeshe jiko.

Kwanza mnijue. Shule niliishia darasa la tano, nikaanza kupakia mizigo kwenye malori hapa mpakani. Leo nina duka la vifaa vya ujenzi, nyumba ya vigae na choo cha ndani ambacho wasomi wengi humu mnakiona kwenye picha tu. Sijisifu, naeleza.

Tatizo langu ni moja. Nikifanikiwa jambo moja, naona na mengine yote nayaweza.

Ijumaa nilimkuta mke wangu anakaanga samaki. Nikatazama lile jiko la gesi la plate nne, mafuta yameganda mpaka pembeni.

Nikasema, "Mama Furaha, hili ni jiko au injini ya lori lililotoka Kongo?"

Hakugeuka hata. "Baba Furaha, hayo mafuta ni ya kitimoto chako unachojikaangia kila Jumapili. Likikukera, lisafishe."

"Kesho utalikuta kama lilivyotoka dukani. Na sivuki mpaka kununua dawa yoyote Nakonde. Natumia vitu vya asili, vya humu humu ndani."

"Haya. Ila kumbuka Jumapili wanakuja wazee wa posa ya Furaha. Ukiniharibia jiko, utawapikia wewe, kwa mkaa, umefunga kitenge."

Furaha ndiye binti yetu wa kwanza, na huyo kijana anayemposa ametulia. Kwa hiyo wakuu, hapakuwa na utani. Jiko likifa, aibu ni ya ukoo mzima.

Jumamosi asubuhi mke wangu akaenda Nanyala kwa dada yake kufuata mchele na kuku wa wageni, kurudi saa tisa.

Nyumbani tukabaki mimi na mama mkwe, mama yake mke wangu, aliyekuja kutoka Mbozi kwa ajili ya posa hiyo hiyo.

Hapa niwaeleze wa mikoa mingine. Kwetu mimi na mama mkwe hatukai jiko moja, hatutazamani usoni, wala hatusemeshani moja kwa moja. Nikikohoa mlangoni, yeye anapisha. Wale mnaokumbatiana na wakwe zenu huko mjini, endeleeni tu, sisi mnatutisha.

Basi yeye akakaa uani anapeta maharage. Mimi nikaingia jikoni, nimevua shati.

Nikaanza na juu ya jiko. Nikachukua machicha ya kahawa ya asubuhi (ukioa Mbozi kahawa haiishi ndani), nikapaka, nikasugua na kitambaa chenye maji ya moto. Wakuu, yalitoka! Bati likang'aa nikajiona humo na kitambi changu.

Nikahamia vile vyuma vizito vya kukalishia sufuria. Nikachemsha maji, nikatia magadi, haya haya tunayolainishia maharage, nikavizamisha. Dakika ishirini nyingi. Mafuta yalibambuka kama ngozi ya nyoka.

Mtu mwenye akili angeishia hapo.

Mimi nikasema kama magadi kidogo yamefanya hivi, je kilo nzima? Nikamwaga mfuko wote kwenye ndoo ya maji ya moto. Nikang'oa vile vichwa vinne vyenye matundu vinavyotoa moto, nikavitumbukiza. Nikatoka kibarazani kumsimulia jirani jinsi wanawake wanavyotudanganya kuwa kazi za ndani ni ngumu.

Nilimsimulia kwa kirefu.

Kurudi, ndoo inachemka yenyewe. Hakuna moto chini yake wakuu, inachemka! Natoa kichwa kimoja kwa mwiko, kimekuwa cheusi kama sehemu ya chini ya sufuria ya msibani. Cha pili, cheusi. Vyote vinne!

Saa hiyo ni saa sita na nusu.

Nikakumbuka limao linang'arisha. Nikakamua malimao matatu humo humo kwenye ndoo ya magadi. Povu likapanda, likamwagika sakafuni, likanifuata miguuni. Nikarukia juu ya stuli. Mwanaume mzima, mwenye duka.

Ndipo nikasikia sauti kutoka uani. Mama mkwe alikuwa anaongea na kuku mmoja wa pale uani.

"Wewe kuku, hivi humo ndani wanapika nini? Mbona harufu inawasha koo?"

Nikamjibu kuku huyo huyo kupitia dirishani. "Kuku, mwambie mama hakuna tatizo, nimeloweka tu vichwa vya jiko kwenye magadi."

"Kuku, mwulize, hivyo vitu alivyoloweka ni chuma au aluminiamu?"

Nikavipima mkononi. Vyepesi. "Kuku, mwambie... ni vyepesi."

Akacheka, kicheko cha ndani kabisa.

"Kuku, mimi nimepika shule ya bweni miaka mingi. Sufuria zetu zote za aluminiamu zilikuwa zinaingia weusi kwa maharage ya magadi. Mwambie huyo baba magadi na aluminiamu havipatani. Na akitia limao kwenye magadi anapoteza vyote viwili. Aviweke dirishani, arudi nyuma."

Nikaviweka dirishani, nikarudi nyuma hatua tatu, nikageukia ukutani kama niliyepewa adhabu. Nikasikia mkono wake unavichukua.

Akavisuuza kwa maji mengi. Akabandika sufuria ya zamani kwenye jiko la mkaa pale uani, akatia maji na malimao sita, akavitokosa. Kila baada ya muda anamweleza kuku hali ya mgonjwa.

"Kuku, cha kwanza kinarudi rangi."

Mimi ndani nadeki povu. Sijawahi kudeki tangu nioe.

Saa nane vikarudi dirishani. Havikuwa vipya, lakini vilikuwa vyeupe. Akaagiza nisugue taratibu kwa stilwaya, nizibue kila tundu kwa sindano, nivianike vikauke kabisa ndipo nirudishe. Niliyahesabu matundu yote wakuu, maana nilikuwa naomba Mungu kwenye kila moja.

Saa tisa kamili mke wangu akaingia, kuku wawili mkononi. Hakunisalimia. Akawasha plate ya kwanza. Bluu. Ya pili, bluu. Ya tatu, bluu. Ya nne ikakohoa kidogo, ikawaka.

Akapitisha kidole juu ya bati. Akakitazama.

"Nani amekusaidia?"

Mdomo ulishafunguka kusema "peke yangu". Lakini mama mkwe alikuwa uani ananawa mikono iliyobabuka kwa malimao, na alikuwa hajasema neno. Angeniachia hiyo sifa. Hilo ndilo lililonishinda.

Nikasema, "Mama yako. Mimi niliharibu, yeye akatengeneza. Na yale mafuta ni ya kitimoto changu kweli."

Mke wangu akakaa kwenye stuli, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga.

Jumapili wazee wa posa walikula, wakaongeza, wakakubaliana siku ya kurudi.

Nilichojifunza: machicha ya kahawa kwa bati, magadi ya moto kwa chuma, limao kwa aluminiamu, na usivichanganye. Kabla ya kuloweka kitu, jua ni cha madini gani. Na ukitaka kumwambia jirani kazi ya mkeo ni rahisi, hakikisha kwanza jirani hana mdomo.

Maana mke wangu aliyasikia yote kwa jirani. Sasa kila Jumamosi ananikabidhi machicha na kitambaa, na yeye anakaa kibarazani kumsimulia jirani jinsi kazi ya jiko ilivyo nyepesi.

Haya, uwanja ni wenu. Nani humu ameshaunguza, kutoboa au kupindisha kitu cha mkewe kwa ujuaji? Semeni, nisiwe mjinga peke yangu.