Minong'ono Nyuma ya Maabara

Jamani, kuwa naibu mwalimu mkuu kwa shule ya kanisa iliyo na wavulana na wasichana ni mateso! Tangu tuanze kujenga maabara hapa Kiplombe, kila ukuta mpya umegeuka maficho ya wapenzi. Nimechoka kuwafukuza.

Jumamosi, wazazi wakiwa kwa tenti wakimngoja askofu aje na mabati ya kuezeka, nikasikia sauti ya kiume na ya kike zikinong'ona nyuma ya ukuta mmoja wa maabara. Leo tena? Nikachemka, nikanguruma hadi tenti nzima ikageuka: "Nyinyi wawili, hamna haya! Pigeni magoti hapo hapo!"

Kisha sauti ya askofu mwenyewe ikajibu kwa upole, "Tumeshapiga, mwalimu. Mimi na mke wangu tumepitia huku kwanza kuwaombea maabara."