Shingo Niliyoificha

Nilihamishiwa Ruangwa kutoka Nachingwea wakati wilaya ile ingali changa, na ofisi yenyewe changa zaidi. Viti vichache vilivyoletwa vilikaliwa na wakubwa, vilivyosalia vikakaliwa na waliojiona wakubwa, na mimi mpiga taipu nikapewa dawati la shule ya msingi. Mashine ilikuwa chini karibu na tumbo, karatasi za kunakili zimelala upande wa kushoto, nami nimeinama na kupinda shingo tangu asubuhi hadi ofisi inafungwa. Msimu wa korosho ndiyo usiseme. Taarifa zilimiminika, mara za Mandawa, mara za Chinongwe, zote za haraka na zote kwa mwandiko kama kuku kaparua.

Shingo ilianza kuuma kidogo kidogo, ikapanda kisogoni, ikashuka mabegani. Baadaye kikaja kizunguzungu. Nikiinua uso kutoka kwenye mashine, chumba kinaelea, nashika dawati mpaka kitulie. Siku moja nyumbani nilikuwa nimembeba mwanangu, mtoto wa kwanza, bado hajaanza kutembea, mara uwanja ukazunguka. Niliketi chini palepale nimemkumbatia. Hatukuanguka, lakini mama mkwe wangu alikuwa pale, amekuja kutusalimia kutoka Chinongwe, na aliona kila kitu.

Alikuwa Mmwera, mkulima wa korosho na ufuta, mwanamke wa maneno machache. Jioni ile alimwambia mwanawe, yaani mume wangu, nami nasikia, "Ntoto atakaa kwangu mpaka mama yake apone. Msimu ukiisha nakuja kunchukua."

Hakusema kwa ubaya. Kwao bibi kulea mjukuu si jambo la kujadiliwa, na mtoto akishazoea kwa bibi anaweza kukaa huko mpaka aanze shule. Mimi natoka Bukoba, upande wa pili wa nchi. Ruangwa nzima mtu wangu wa damu alikuwa mmoja tu, naye ndiye huyu mtoto aliyekuwa karibu kuchukuliwa. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote.

Basi nikatafuta tiba kwa pupa. Kwetu ukisema kizunguzungu, umesema malaria. Nilimeza klorokwini, nikajikuna mwili mzima. Nikapewa kwinini, masikio yakavuma na kizunguzungu kikazidi, nikaona hii malaria imekuwa sugu, nikaenda kuomba kwinini nyingine! Karani mwenzangu aliniletea maini akisema damu imepungua. Mwingine alinitazama tumboni, akatabasamu, "Dada, hongera." Nilitamani kumtupia mashine.

Kitu kimoja sikumwambia mtu yeyote, nacho ni shingo. Ningeanzaje? Wanawake wa ukoo ule wanapalilia mashamba juani, wanajitwika kuni na maji, na mimi kutwa niko kivulini nabonyeza herufi. Nani aliwahi kusikia kwamba kukaa kunauma? Niliona aibu, nikataja kizunguzungu peke yake, maana hicho angalau kilikuwa na heshima ya ugonjwa.

Hatimaye mume wangu alichoka, akanipandisha lori la kwenda Nachingwea, hospitali. Daktari alipima, malaria hakuna, mimba hakuna, damu ipo ya kutosha, presha nzuri. Akahamia upande wa pili wa chumba, akaniita. Niligeuka mwili mzima kama mlango.

"Shingo imefanya nini?" aliuliza.

"Haina neno, daktari."

"Basi niangalie bila kugeuza mabega."

Nilishindwa, na machozi yakanitoka. Nikamweleza yote. Hakucheka. Alisema hapo kwake huja makarani, walimu na mafundi cherehani wenye shida kama yangu, na karibu wote wameshamaliza kwinini za watu kabla ya kutaja shingo. Hakuapa kwamba kizunguzungu chote kinatoka huko, ila alitaka tuanze na shingo, na nisimeze tena dawa ya malaria bila kupimwa. Niinue mashine, niinue karatasi, na mimi mwenyewe niwe nainuka.

Dawati nililirudisha. Seremala alinitengenezea meza ya kimo changu, kisha nikamwomba kitu kingine. Watoto wa jirani walikuwa wakisomea Kurani kwenye rehali, ule ubao wa kukunja unaoshika msahafu. Nilitaka ya namna hiyo, ila ndefu, isimamishe karatasi mbele ya macho yangu. Ofisini wakapata la kusema. "Ustadhati, leo tuko juzuu ya ngapi?" Niliwajibu tuko kwenye taarifa ya mbaazi, wakae kimya wasikilize.

Mkuu wangu yeye alikerwa na kuinuka kwangu. Nikiandika kidogo nasimama, nazungusha mabega, natembea hadi mlangoni. Akauliza kama nachungulia saa ya kutoka. Nikamwambia mbele ya watu kwamba shingo inaniuma na hiyo ndiyo dawa yake. Mara nikaona makarani wawili wanapapasa shingo zao.

Nafuu ilikuja kwa kujivuta. Wiki moja najiona mzima, inayofuata nimerudi nyuma. Lakini kizunguzungu kilipungua, nikaanza kumbeba mtoto karibu na ukuta, baadaye hata mbali na ukuta.

Msimu ukaisha, mama mkwe akaja na kanga mpya ya kumbebea mjukuu wake. Sikubishana naye. Nilimwamkia, nikamfunga mtoto mgongoni, nikafagia uwanja wote mbele yake, nainama na kuinuka. Alinitazama mpaka nikamaliza.

"Umepona?"

"Naendelea vizuri, mama. Ilikuwa shingo. Ya kukaa ofisini." Nikangoja acheke.

Hakucheka. Alipeleka mkono kwenye kisogo chake mwenyewe. "Yangu inauma tangu mumeo akiwa ntoto," alisema. "Siku nyingine nikiinua jembe, macho yanaingia giza."

"Mbona hukusema, mama?"

"Ningesemaje? Wangesema sitaki kulima."

Nilisimama pale na ufagio. Muda wote ule nilikuwa nikimwonea aibu mtu ambaye naye alikuwa akificha shingo yake. Niliumia, na papo hapo nilimpenda kuliko siku zote.

Mtoto hakuondoka. Kesho yake tulipanda lori la Nachingwea sote watatu, mjukuu amefungwa mgongoni kwangu kwa kanga ya bibi yake. Daktari alipomuuliza mama mkwe anaumwa nini, alinitazama kwanza mimi, kisha akamgeukia.

"Shingo," alisema.