Jiwe la Anselme kwenye Mdomo wa Kabuno

Mwenye kutaka kucheka acheke sasa amalize, maana sitaongeza wala kupunguza. Nilikuwa ndani ya pirogi ile, mtumbwi wenye moteri. Binti yangu Furaha alikuwamo pia, na Muzee Kambale aliyetuvusha bado anaishi. Nenda umuulize.

Unaijua ghuba ya Kabuno? Iko karibu na Sake, pembeni kabisa mwa ziwa Kivu. Zamani moto wa mlima ulishuka hadi majini, ukaganda kuwa mwamba, ukafunga ghuba na kuacha mdomo tu. Ndani maji hutulia hata ziwa lote likichafuka. Boti inaweza kujificha humo, kisha ikatoka kwenda Goma au Minova bila kugusa barabara. Ndiyo sababu kila jeshi lililopita kwetu lilitaka kwanza kuushika mdomo ule. Katikati yake maji ni marefu. Kandokando ni mawe, na kila jiwe lina jina la mtu aliyefia hapo. Mtu wa mbele anapima maji kwa mti mrefu, anaita jiwe kwa jina la marehemu na upande lilipo, na aliye nyuma anajua pa kukwepea.

Mume wangu Anselme hakuwa na jiwe. Katika vita vya kwanza alitoka na mtumbwi kuwapelekea wakimbizi chakula, hakurudi. Tulikaa kilio bila mwili. Kwa miaka mingi sikujua nielekee wapi nikimwombea.

Sasa, siku yenyewe. Waasi walikuwa wamekata barabara ya Goma, na Furaha alishikwa na uchungu wa kuzaa, mtoto akakataa kutoka. Mkunga aliniambia waziwazi kwamba asipofika hospitali Goma, nitazika wawili. Jioni, mvua ilipokatika, ukungu ukashuka. Tukamlaza ndani ya pirogi.

"Mutu wako wa mbele iko wapi?" nikamuuliza Muzee Kambale.

"Alikimbia na bibi yake. Na boti ya waasi imekaa katikati ya mudomo. Tutapita kwenye mawe."

"Bila mutu wa mbele?"

"Mama, unataka nikudanganye?"

Hapo ndipo mtu alipopanda. Hakuomba. Kijana mwembamba, mgeni kwetu sote, shati limemganda mwilini kwa maji. Alichukua mti, akasimama mbele, akatugeuzia mgongo. Muzee alimsalimu, hakuitika.

"Kijana, kwenu hamusalimiane?"

Tukaanza kupiga kasia, moteri imezimwa.

Tulipofika mdomoni akaanza kuita, polepole: "Paluku, kuume. Mama Zawadi, kushoto." Muzee alikwepa, tukapita. Niamini, nilikaa karibu na mti ule kiasi cha kuugusa. Uliingia majini, ukatoka mkavu. Ukaingia tena, ukatoka mkavu.

Kisha akaita: "Anselme, kushoto."

Kasia la Muzee likasimama. "Hakuna jiwe la jina hilo," alininong'oneza kutoka nyuma. "Mimi ninayajua yote."

"Kwepa, Muzee."

"Mama..."

"Ninasema kwepa!"

Akakwepa. Jiwe likapita ubavuni mwetu, jeusi, chini kidogo ya maji. Nilinyoosha mkono nikalishika. Wewe ungefanya nini? Nilitaka kubaki pale. Lakini uchungu ukamzidi Furaha, akalia kwa sauti, na boti ya waasi ikasikia.

Moteri yao ikanguruma. Taa ikatupiga machoni. Walitujia moja kwa moja, mbio, kama watu wasiojua kwamba maji yana meno. Ukasikika mlio wa bati linalopasuka, boti ikapanda juu ya jiwe lile lile, ikalala ubavu. Walitukana, wakapiga risasi ndani ya ukungu. Hakuna iliyotupata.

Muzee Kambale akasimama, na umri wake ule, akapaza sauti: "Anselme amewakamata! Mungoje hapo hapo, atawapikia bugali!"

Nami nikacheka. Nililia na kucheka pamoja, na hata Furaha, katikati ya maumivu yake, alicheka.

Tulipotazama mbele, hapakuwa na mtu. Mti ulikuwa umelazwa vizuri, kama kazi iliyokwisha. Nitasema kweli: sauti ile haikuwa ya mume wangu, wala mgongo ule. Ningependa iwe yake, lakini haikuwa. Sijui alikuwa nani.

Tukawasha moteri hadi Goma. Mtoto alizaliwa hospitalini, wa kike, na mama yake mzima.

Leo ninakaa Ndosho, mtaa wa Goma. Pirogi zote zinazopita kwenye mawe yale zinamwita Anselme. Vijana ambao hawakumwona kamwe wanatamka jina lake kila siku, na mara ya kwanza niliposikia nilisimama wima ndani ya pirogi, kichwa juu, kama mke wa mtu mkubwa.

Nawe, ukipita pale na mtu usiyemjua akapanda mbele, mwachie mti. Usimuulize jina. Akiita jiwe, likwepe, usibishane. Ila sikiliza vizuri majina anayoyaita. Ukisikia ameita lako, geuza pirogi urudi ulikotoka, hata kama huko wanakuwinda.