Mheshimiwa Anaingia Debeni

Mutie hutengeneza redio hapa Kawangware, upande wa kuelekea mtaa wa Satellite. Kila asubuhi anasoma taarifa yake mwenyewe kwa spika, sauti nzito, uso mkavu: "Mheshimiwa mbunge amezindua shimo jipya barabarani, baada ya lile la zamani kujaa." Vijana wanashika mbavu. Wanarekodi, wanatumiana.

Mimi nilikuwa sicheki. Nauza samaki wa omena mkabala naye, na binti yangu Nasike, miaka kumi na tisa, alikuwa ameleweshwa na hizo taarifa. Nikimwambia ajiandikishe kupiga kura, ananijibu, "Mathe, wote ni wasanii. Wacha tucheke tu." Na uandikishaji ulikuwa unafungwa Jumamosi! Nikamwendea Mutie nikiwa moto.

"Umeniharibia mtoto! Anadhani siasa ni kichekesho!"

Mutie akaweka bisibisi chini. "Pole, Mama Nasike. Hiyo niachie."

Ijumaa akatangaza: "Kesho saa nne, uwanjani, Mheshimiwa ataingia debeni. Njooni mwone kama atatosha."

Ngai! Kwenye redio za kweli, kuingia debeni ni kugombea. Lakini hapa mtaani debe ni lile la kupimia mahindi, na kitambi cha Mheshimiwa kinajulikana. Watu walijua ni mchezo, lakini nani angekosa? Uwanja ulijaa, Nasike mbele kabisa, simu juu. Mheshimiwa hakuwepo. Kulikuwa na karani wa kuandikisha wapiga kura, peke yake na mashini yake, na Mutie kando ya debe tupu.

"Haingii humu bila nyinyi," akasema kwa ile sauti ya habari. "Na hatoki bila nyinyi. Vitambulisho mko navyo?"

Wakacheka. Halafu mmoja akasonga kwa karani, na mwingine. Nasike akaweka kidole kwa mashini. Nilifurahi jamani, nikapiga vigelegele!

"Na wewe, mama?" karani akauliza. "Uko kwa orodha ya hapa?"

"Mimi? Tangu zamani!"

Akatafuta. Jina langu lilikuwa bado Kibera, Kisumu Ndogo, nilikohama miaka sita iliyopita. Uchaguzi uliopita niliona ni mbali kwenda kupiga kura, nikabaki na omena zangu. Na kelele zote hizi nimewapigia Mutie na Nasike!

Nasike akashika kiuno. "Mathe! Kumbe taarifa feki ni wewe!"

Aibu ilinijaa, na bado nikacheka hadi machozi. Nikaenda kupanga laini nyuma ya watoto.