Kaburi la Mke Wangu Lilimtangulia Miaka Thelathini na Moja

Nilikuwa nimesimama makaburini Susa, mji wa pwani, mkononi nimeshika cheti cha kifo cha mke wangu. Mbele yangu, kaburi lake.

Jina lake. Jina la baba yake. Oktoba 1992.

Shida ni kwamba mke wangu nilimzika mwenyewe, kwa mikono hii, siku arobaini tu zilizopita. Na nilimzika kwetu Kef, milimani, mwendo wa saa tano kwa gari kutoka pale.

Ndugu zangu, nilichoka.

Naitwa Zubeir. Ujana wangu niliumalizia Susa, upande wa mji mpya, nikichanganya saruji. Zile hoteli ndefu za ufukweni mnazoziona kwenye picha, mbili nimezipandisha mimi na wenzangu.

Dalenda alikuwa binti wa mji mkongwe. Baba yake, Mzee Jalul, alikuwa na duka la vitambaa ndani ya kuta. Nilipokwenda kuposa, alinitazama viatu kwanza.

"Wewe mchanganya saruji kutoka milimani, umekuja kuoa au kuomba kazi?"

Watu dukani wakacheka. Mpaka leo nawasikia.

Dalenda hakucheka. Wiki tatu baadaye tulipanda gari la Kef, yeye na begi moja, tukafunga ndoa huko huko.

Hatukujaliwa mtoto. Tulikuwa wawili tu. Mwezi wa tatu mwaka huu nikabaki mmoja.

Arobaini ilipoisha nikajiambia, hata kama walinidharau, ni watu wake. Wana haki ya kujua. Nikapanda gari.

Mji mkongwe haukubadilika. Lile duka la vitambaa siku hizi linauza sandali. Nikamuuliza muuzaji, mtu wa makamo, habari za ukoo wa Jalul.

"Mzee Jalul? Alifariki, ni miaka tisa sasa."

"Mimi nimeleta habari za binti yake, Dalenda."

Akanikazia macho. "Habari gani tena? Yule binti alifia Tunisi kwa homa, tukiwa vijana. Sanduku lililetwa limefungwa, hakuna aliyeruhusiwa kufungua. Mimi mwenyewe nilibeba."

"Ulibeba nini?"

"Ebo! Maiti, bwana. Kaburi lake si lile pale nje ya ukuta?"

Ndivyo nilivyofika makaburini.

Kwa hiyo Mzee Jalul alikuwa ameona bora binti afe kuliko aolewe na mimi. Akazika sanduku. Sijui alilijaza nini.

Nilikuwa bado nimeduwaa pale mlinzi wa makaburi aliponijia na ndoo ya maji. Mzee mwembamba, anaitwa Mukhtari. Akajaza kile kishimo kidogo cha kunyweshea ndege juu ya kaburi.

"Wewe ni jamaa yake?"

"Kiasi."

"Afadhali. Maana mwaka huu mdogo wake hajaja. Mwezi wa nne unaisha huu."

"Mdogo wake yupi?"

"Kuna mama mmoja huja kila mwaka, majira haya. Anakaa siku nzima hapa na mama yake marehemu. Alinambia yeye ni mdogo wa marehemu."

Dalenda hakuwa na mdogo.

Nikatoa simu. Nikafungua picha isiyo yenyewe mara mbili. Mwishowe nikamwonyesha ya Dalenda.

"Huyo huyo!" akasema, uso umemchangamka. "Anaumwa?"

Nilikaa chini.

Kila mwezi wa nne mke wangu alikuwa akiniaga kwenda Tunisi kwa daktari wa macho. Miaka yote hiyo. Na macho yake yalikuwa mazima kuliko yangu. Mimi namsindikiza kituoni, nambebea begi, namwambia asalimie daktari.

Nikamuuliza Mukhtari huyo mama wa marehemu yeye huja lini.

"Kila Ijumaa, baada ya swala. Hakosi."

Ilikuwa Jumatano.

Zile siku mbili sizitamani tena. Nilichukua chumba karibu na stesheni. Asubuhi nakula bakuli la dengu kwa mkate mkavu, nimekaa peke yangu kwenye meza ya watu wanne. Jioni natembea ufukweni, familia zinatafuna mbegu za alizeti na kucheka, hakuna anayenijua.

Nilisimama mbele ya hoteli niliyoijenga. Mlinzi akanisogelea. "Mzee, unatafuta nani?"

Nikakosa jina la kumtajia.

Kilichonitafuna zaidi si uongo. Ni kwamba nilidhani namjua. Miaka thelathini na moja nalala pembeni ya mtu, kumbe kuna mlango hakuwahi kunifungulia.

Ijumaa ikafika. Akaja bibi mfupi, amejifunika shuka jeupe, anatembea polepole na kimfuko cha nafaka za ndege.

Aliponiona alisimama.

"Zubeir," akasema.

Alikuwa hajawahi kuniona hata siku moja. Baadaye ndipo aliponiambia kwamba Dalenda alikuwa akimletea picha zetu.

"Naam, mama."

"Kama umekuja wewe, basi mwanangu hayupo tena."

Kile cheti kikabaki mfukoni. Nilimbusu kichwani, kisha tukalia, yeye kwa sauti, mimi kama mwizi.

Alipotulia nikauliza kwa hasira niliyokuwa nimeibeba siku mbili.

"Mama, mzee wako tunajua alikuwa mtu gani. Lakini amekufa miaka tisa sasa. Kwa nini mliendelea kujificha hapa? Kwa nini hakuja nyumbani kwenu kama binti wa watu?"

Bibi akanigeukia taratibu.

"Unaniuliza mimi?"

"Ndiyo."

"Hukumbuki ulichoapa?"



Nilikumbuka. Mwaka wetu wa kwanza, Dalenda alisema anataka kwenda kumwona mama yake. Mimi bado nasikia kile kicheko cha dukani. Nikapiga meza nikasema: "Ukikanyaga nyumba ya wale watu, umeachika! Na jina lao lisitajwe humu ndani!"

Nilisema mara moja. Kesho yake nikasahau, nikaenda kazini.

"Yeye hakusahau," mama yake akasema. "Baba yake alipokufa nilimbembeleza, nikamwambia, njoo nyumbani, nani wa kukuzuia sasa? Akasema, 'Mama, Zubeir aliapa. Sitaki aniache.' Uliapa asikanyage nyumba yetu. Makaburi si nyumba yetu. Ndiyo tukawa tunakutana hapa."

"Angeniambia, ningekifuta hicho kiapo."

"Angeanzaje, na jina letu umekataza lisitajwe?"



Bibi akamwaga nafaka, akakung'uta mfuko. "Umemzika wapi?"

"Kef. Kule juu, kuna upepo sana."

"Nipeleke."

"Mama, una miaka themanini na tano. Safari ni ndefu."

"Nimetembelea kaburi tupu miaka thelathini na moja, wewe mtu wa milima unaniambia safari ndefu?"

Tuliondoka kesho yake asubuhi. Njia nzima alinihadithia Dalenda wa makaburini: alivyokuwa akicheka, alivyoniiga ninavyokoroma, alivyonisifia. Nilikuwa namsikiliza kama mtu anayeambiwa habari za mwanamke asiyemjua.

Wewe unayesoma hapa, kama kuna jina ulilolikataza nyumbani kwako, lifungulie leo. Usingoje mwenzako aanze, hataanza. Atakupenda, atakupikia, na atakuficha.

Mimi ukweli nimeupata, nashukuru. Lakini nimeupata kwa mama yake.

Na nilikuwa na miaka thelathini na moja ya kuusikia kwake mwenyewe.