Vikofia vya Stroberi Juu ya Jani

Harufu ya stroberi zilizoiva hunifika tumboni kabla haijafika puani. Wengine husema ni harufu tamu, na kweli ni tamu, lakini kwangu mimi imechanganyika na harufu ya mabua ya ngano yaliyolowa umande, na ya mafuta ya bunduki, na ya koti la baba yangu lililonyeshewa. Nikikutana nayo sokoni, pale wanawake wa Timau wanapoziuza katika vikopo vya plastiki, mkono wangu hushika tumbo wenyewe. Mimi husimama kidogo, nikamshukuru Mungu, nikaendelea na safari yangu. Wajukuu wangu wanadhani nina vidonda vya tumbo na wamenikataza kahawa. Sijawaeleza. Ni jambo la miaka ya Hali ya Hatari, nilipokuwa na umri wa miaka tisa hivi, na kwa kuwa wote ninaowajua waliohusika nalo wamekwisha kuitwa na Bwana, naona sasa si vibaya kulisema.

Baba yangu, M'Ikiugu, alikuwa mtunza bustani katika shamba la Mzungu mmoja kwenye miteremko ya Timau, upande ule wa mlima ambako baridi huuma masikio hata saa sita mchana. Shamba lenyewe lilikuwa la ngano, kubwa, likishuka mpaka macho yanachoka. Lakini nyuma ya nyumba, upande wa juu, memsahib, mke wa Mzungu huyo, alikuwa na bustani yake ya stroberi, iliyozungushiwa waya na kuwekwa geti moja. Ufunguo wa geti hilo ulining'inia shingoni mwa Baba kwa uzi. Kila Jumamosi asubuhi wake wa Wazungu wa mashamba ya jirani walifika kwa magari, wakitembea kati ya matuta na vikapu vyao, wakichagua na kununua, wakicheka. Kupita waya wa bustani kulikuwa na ukanda wa ardhi uliofyekwa ukabaki mtupu, na baada ya ukanda huo ulianza msitu. Ndani ya msitu walikuwamo watu. Askari waliwaita magaidi, wengine waliwaita kwa sauti ya chini watu wetu. Nyumbani kwetu hatukuwaita jina lolote.

Ninaposema tuliogopa, sisemi hofu ya kuja na kuondoka. Tulilala nayo na kuamka nayo. Nyumba za wafanyakazi zilikuwa zimezungushiwa seng'enge na mtaro uliojaa vijiti vilivyochongwa. Unga tulipimiwa wa siku moja moja, ili usibaki wa kumpa mtu mwingine, na Mama alipika mlango ukiwa wazi, homgadi, Waafrika wenzetu waliolindia serikali, wakipita na kuchungulia sufuria. Aliyeshukiwa kuwalisha watu wa msituni alipakiwa kwenye lori na kupelekwa kwenye kambi, na huko kulikuwa na mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Walikupitisha mbele yake, naye akiitikia kwa kichwa, basi kwenu hawakukuona tena. Jirani yetu alipitishwa hivyo. Mkewe alitoka mbio kulifuata lori, na mahindi aliyoyaacha motoni yakaungua mpaka tukayasikia harufu nyumba zote. Hakuna aliyekwenda kuyaepua. Tuliogopa askari, tuliogopa msitu, na zaidi ya yote tuliogopana.

Jumamosi hizo sisi watoto wa wafanyakazi ndio tuliochuma, kwa sababu vidole vyetu vilikuwa vyembamba. Stroberi haivutwi. Unakata kikonyo kwa ukucha wa kidole gumba, bila kugusa tunda, na lile tunda linabaki na kikofia chake cha kijani. Zilipangwa tabaka mbili tu kwenye kikapu, zisipondeke. Mshahara wetu ulikuwa kikombe cha maziwa yaliyokwisha kutolewa siagi. Na tulichuma tukiimba. Nyapara wetu, M'Arimi, Mmeru mwenzetu aliyetembea na fimbo ya mzeituni, alitutaka tuimbe nyimbo za misheni tangu tuta la kwanza hadi la mwisho, kwa maana mdomo unaoimba hauwezi kutafuna. Alikuwa na masikio makali. Sauti moja ikipungua aliijua ni ya nani.

"Karimi," aliniita siku moja mbele ya wenzangu, "ubeti wa tatu umeumeza pamoja na nini?"

Wenzangu walicheka, na mimi nilifungua kinywa aone kwamba ni kitupu. Kilikuwa kitupu kweli siku hiyo.

Sasa nieleze jambo moja la kwetu, kwa sababu lisipoeleweka hilo, hakuna linaloeleweka. Kabla Baba hajapata kazi ya Wazungu tuliishi na nyanya yangu huko Igembe. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba mtu mwenye njaa akipita katika shamba la mwenzake, anaruhusiwa kula. Atakula ndizi au muwa pale pale aliposimama, wala hatabeba hata kimoja. Akimaliza, haachi maganda ovyo na wala hayafichi. Huyapanga juu ya jani, mahali pa wazi, ili mwenye shamba akija ajue kwamba aliyepita alikuwa na njaa na hakuwa mwizi. Mwizi huficha maganda, Nyanya alisema. Naye mwenye shamba akiyakuta hakasiriki, hata kama humo nyumbani mwake hakuna cha ziada. Nililijua jambo hilo kama nilivyojua kusali kabla ya kula.

Jumamosi ninayoikumbuka, unga wa nyumbani ulikuwa umeisha tangu Alhamisi kwa sababu watu wa laini yetu, safu yetu ya nyumba za wafanyakazi, waliadhibiwa wote kwa kosa ambalo hatukuambiwa. Nilikuwa kwenye tuta la mwisho kabisa, karibu na waya wa upande wa msitu. Gari la kwanza likaingia, M'Arimi akatuamuru tunyamaze kwa heshima ya wageni, akaenda getini. Wimbo ulipokoma nilisikia tumbo langu. Nikala stroberi tisa, nikiwa nimepiga magoti kama mtu anayesali. Kisha nikachuma jani la boga, nikalitandika juu ya jiwe bapa, nikavipanga vikofia vyangu tisa, kimoja ndani ya kingine, kama Nyanya alivyopanga maganda yake. Sikuona hatia yoyote. Nilitoka pale nikijiona msichana mwenye adabu.

Jumatatu asubuhi memsahib alipita pale na mbwa wake. Hakukuta fungu moja la vikofia. Alikuta matatu.

Saa mbili lori lilikuwa uani. Afisa kijana wa Kizungu alikagua waya, akaona haujakatwa, akauliza ufunguo wa geti unakaa na nani. Hakuona pale ambapo mvua ilikuwa imechimba chini ya waya, kiasi cha kupitisha mtu aliyekonda sana. Wakamkalisha Baba chini mbele ya ghala, mikono juu ya kichwa, homgadi wawili wamesimama nyuma yake. Habari zilitufikia nyumbani haraka: M'Ikiugu anawafungulia watu wa msituni, na mafungu yale ni alama walizowekeana. Adhuhuri atapelekwa kambini mbele ya gunia.

Mama aliketi akashika magoti yake. Nikamwambia kwamba fungu moja lilikuwa langu, na kwa nini nililipanga. Alinitazama muda mrefu, na nikadhani atanipiga. Kumbe alikuwa anapima. Akinipeleka, huenda wakatuchukua sote. Asiponipeleka, Baba amekwenda. Hatimaye akanifunga leso kichwani kama tunaenda kanisani.

"Utayasema wewe mwenyewe," aliniambia. "Nikiyasema mimi wataona nimekufundisha. Na usilie mpaka tumalize."

Baba alipotuona, aligeuza uso akatazama ukuta. M'Arimi alitupeleka kwa afisa, na kwa kuwa afisa hakujua Kimeru, yeye ndiye aliyekuwa mkalimani. Nilisema. Nikaeleza habari za nyanya yangu na jani. Sijui M'Arimi alitafsiri kiasi gani, ila memsahib alikunja uso na afisa akasema twende kwenye jiwe.

Tukaenda sote, na Baba akaburutwa nyuma yetu. Yale mafungu yalikuwa bado palepale, yamepangwa kando kando kama sahani mezani. Langu lilikuwa juu ya jani la boga, limeanza kunyauka. Mengine mawili yalikuwa makubwa zaidi, yamepangwa vizuri, kimoja ndani ya kingine, juu ya majani mapana ya rangi ya giza ambayo hayakuota popote katika shamba lile. Ni majani ya ndani ya msitu. Mtoto yeyote aliyetumwa kuni aliyajua, na kila Mmeru aliyesimama pale aliyajua. Mtu alikuwa amepita chini ya waya, nadhani usiku mmoja na tena wa pili, akaliona fungu langu, akaelewa, akala kwa adabu ile ile niliyofundishwa mimi.

Afisa aliuliza jambo. M'Arimi hakulitafsiri mara moja. Aliinama, akamimina vikofia vyote ndani ya bakuli alilokuja nalo memsahib, akasema kwa Kiingereza kitu ambacho nadhani kilikuwa cha kuhesabu. Na yale majani matatu akayafikicha mkononi, taratibu, kama mzee anayefikicha tumbaku, akayarusha juu ya waya. Ndipo akanigeukia, mgongo wake ukiwa kwa afisa.

"Karimi, ni wewe uliyekula zote hizi?"

Nilikuwa mtoto wa shule ya Jumapili. Nilizijua amri za Mungu kwa mpangilio, na kwa kuikariri ile ya uongo niliwahi kupewa picha kama tuzo. Nikamtazama Baba. Mikono yake ilikuwa bado juu ya kichwa.

"Ni mimi," nikasema. "Zote."

Memsahib alicheka kidogo, akasema mtoto mdogo hivi hawezi. Afisa akasema tutaona. Wakaleta stroberi, bakuli lile lile limejaa, zilingane na vikofia, nikaambiwa nikizimaliza Baba ataachiliwa, na zikibaki, lori lipo. Nikapiga magoti mbele ya jiwe nikaanza kula. Za kwanza sikusikia utamu wala uchachu. Katikati tumbo lilianza kukataa. Nilizitafuna machozi yakishuka bila sauti, maana Mama alinikataza kulia, na maji mekundu yakanitiririka mpaka viwikoni. Nilisikia mbwa akihema, na minyororo ya lori. Zilipobaki tatu nilifunga macho nikamwambia Mungu kwamba nitamlipa uongo huu maisha yangu yote, ila anisaidie zishuke. Zikashuka. Vikofia nikavipanga, kimoja ndani ya kingine.

Afisa akapiga kofi paja lake, akasema kitu.

"Bwana anasema tumbo lako lingefaa jeshini," M'Arimi akatafsiri, bila kutabasamu. Kisha akanichapa fimbo sita kwa wizi, kwa amri ya memsahib, na zilikuwa fimbo za kweli. Ufunguo ukakatwa shingoni mwa Baba, akahamishiwa kazi ya kuchimba mitaro. Lakini usiku huo alikuwa nyumbani.

Nilitapika nyuma ya nyumba, na Mama akafukia haraka kwa jembe, kwa sababu matapishi yalikuwa mekundu na homgadi wangeuliza damu ya nani. Baba alisimama kando yetu.

"Majani mengine hayakuwa ya boga," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Basi usilitaje tena. Hata ukiomba, omba moyoni."

Nimeomba moyoni zaidi ya miaka sitini. Nimetubu uongo ule, na kila nikimaliza kutubu nimemwombea yule aliyekonda kiasi cha kupita chini ya waya, ambaye hadi leo sijui kama alikuwa mwanamume au mwanamke, wala kama aliuona mwaka uliofuata. Nimemwombea M'Arimi pia. Tulimchukia, naye hakuwahi kunieleza kilichomwingia siku ile. Nilimkuta miaka mingi baadaye nje ya kanisa, macho yake yameingia ukungu. Nilimsalimia nikamtajia jina la baba yangu. Aliushika mkono wangu akaupapasa vidole, kimoja kimoja, akauachia.

Mwezi uliopita mjukuu wangu alinipeleka Timau kwa gari lake. Siku hizi kuna mashamba ambako unalipa getini, unapewa kikapu, unachuma mwenyewe. Stroberi zimeoteshwa ndani ya nyumba za plastiki, zimening'inia usawa wa kifua, huhitaji kupiga magoti. Kitukuu changu, mtoto wa miaka saba, alitangulia mbio. Alikuwa akila mdomo umejaa, anaongea hapo hapo, juisi inamdondoka kidevuni. Nilitupa macho kumtafuta mtu mwenye fimbo. Palikuwa na kijana wa kazi tu, amevaa viatu vya mpira.

"Shosho, kula tu," kijana huyo aliniambia, akiniita kama nyanya yake. "Hapa kuonja ni bure."

Nilikula moja. Tumbo lilishtuka, nikalishika, likatulia. Kisha, bila kufikiri, nikakata jani, nikalitandika juu ya bomba la maji, nikaweka kikofia changu. Kijana yule alisema taka zina ndoo yake pale mlangoni. Kitukuu changu alikuja akasimama, akalitazama lile jani, akanitazama. Nilikwisha kufungua kinywa nimweleze. Lakini hakuuliza. Alitoa vikofia vilivyokuwa vimemjaa mkononi, akaanza kuvipanga kando ya changu, taratibu, kimoja ndani ya kingine.